Shehena Iliyotoswa Usiku wa Baridi

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Februari 2021, mwanzoni mwa Rajabu ya mwaka 1442, umeme ulitukatikia nyumbani kwetu Houston, katika jimbo la Texas, mnamo saa nane. Na mashine ya kutia joto, iliyokuwa ikinguruma tangu magharibi kama paka aliyeshiba, ikanyamaza. Baridi katika mji ule aghalabu ni mgeni wa siku mbili, asiyefungua hata mzigo wake. Safari hii ilikuja na aila nzima, ikatandaza barafu juu ya mitende ya mapambo na juu ya mapaa yaliyojengwa kwa ajili ya kukinga jua, na usiku wa pili ikashuka hata kiasi cha nyuzi 10 chini ya sufuri, jambo ambalo wenyeji hawakulipata tangu mwaka 1989.

Mtu aliyezaliwa pwani ya Afrika ya Mashariki hashtushwi na giza. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Unguja kumtazama binti yake na kumlea mjukuu, maradhi ya Korona yakamfungia njia ya kurudi, alikuwako kisiwani ile Disemba ya 2009, njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka bara ilipoharibika, Unguja nzima ikakaa gizani hata Machi ya 2010. Basi taa ilipozimika yeye hakusema neno, alinyoosha mkono tu akaipapasa tochi yake chini ya mto, mahali ambapo nadhani ilikaa tangu siku aliyofika. Saa moja baadaye, pumzi yake ilipoanza kuonekana katika mwanga wa tochi ile kama moshi wa ubani, ndipo aliponiita.

"Mwanangu," akasema, "giza ni letu, tumelizoea. Hii baridi ni ya nani?"

Tulifanya yafanyikayo. Tulihamia sote katika chumba kimoja, kile kidogo kuliko vyote, tukatundika mablanketi dirishani, tukasokota mataulo tukayalaza chini ya mlango, tukaliondoa godoro kitandani tukaliweka sakafuni, na juu yake mke wangu akajenga kwa viti viwili na mkeka mkubwa wa ukindu kijumba ambacho mtoto alikifurahia kupita kiasi, akidhani kwamba dhiki hii yote imetengenezwa kwa ajili yake. Tulijaza hodhi la kuogea maji kabla hayajakatika, tukaacha kila bomba lichuruzike uzi mwembamba ili maji yasigande yakapasua mirija ukutani. Jirani wa chini, kijana mwema asiyejua, alikuwa akipandisha ngazi na jiko la mkaa la kuchomea nyama, akitaka kuliwasha sebuleni kwake. Nikamzuia kwa kumshika mkono, kwani sisi tuliokulia penye seredani tunamjua mtu aliyelala na moto wa makaa katika chumba kilichofungwa asiamke, na hewa ile ya sumu haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Wiki ile iliwaua watu Texas, wengine kwa mkaa, wengine kwa motokaa iliyoachwa ikinguruma ndani ya banda lililoungana na nyumba.

Alfajiri ilipoingia likazuka suala la udhu. Maji ya bomba yalikuwa yakiuma kama meno. Jiko letu ni la umeme, halikuwa na faida zaidi ya meza. Na Mama ana kifua kibaya ambacho baridi ndogo tu humlaza siku tatu. Nikamkumbusha, kwa taadhima impasayo mkwe, habari ya Amru bin al-As katika safari ya kijeshi ya Dhatu-Salasil, mwaka wa nane wa Hijra, alivyoamka usiku wa baridi kali akiwa na janaba, akaogopa kuoga asije akafa, akatayamamu na akawasalisha wenziwe. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopewa habari akamuuliza, na Amru akatoa hoja ya aya inayowakataza watu kujiua nafsi zao, Mtume akacheka wala hakusema kitu. Mama habari ile aliijua kabla sijazaliwa. Shida yake ilikuwa nyingine: mavumbi yako wapi? Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafii, na Shafii hutaka udongo wenye vumbi; nasi tulikuwa ghorofa ya tano, sakafu yetu zulia toka ukuta hata ukuta, na nje barafu. Akaangaza macho na tochi yake, mwanga ukatua juu ya chungu cha ua kilichokuwa pembeni ya dirisha, ua ambalo mke wangu alikuwa akisahau kulimwagilia. Akachota kwa vidole udongo wa juu, uliokauka ukawa kama unga, akautandaza juu ya sinia, akapiga viganja vyake viwili, akapangusa uso, akapiga tena, akapangusa mikono. Kisha akasali ameketi, amejifunika mablanketi mawili, na kofia ya sufu ya mjukuu juu ya mtandio.

Alipotoa salamu alisema jambo ambalo sikulitia maanani saa ile, ila limekaa nami tangu hapo. Alisema: "Hii nitakuja kuirudia." Na kweli ndivyo vitabu vya Kishafi vinavyosema katika kauli yenye nguvu: atayamamuye kwa sababu ya baridi amepewa ruhusa, sala yake ni halali na hana dhambi, lakini akipata maji yasiyomdhuru atairudia. Udhuru umemwondolea lawama. Deni liko palepale.

Mtoto ndiye aliyeona taa. Alikuwa amepenya chini ya blanketi la dirishani, akatuita kwa furaha, nasi tukaenda kutazama. Upande wa pili wa mji, ambako majumba marefu ya maofisi yamesimama kama safu ya minara, taa zilikuwa zikiwaka orofa baada ya orofa mpaka juu mawinguni, na ndani yake, kwa saa ile na kwa msimu ule wa maradhi ambapo makarani wengi walifanyia kazi majumbani, hapakuwa na mtu ila labda mlinzi mmoja na viti vyake. Mama alitazama muda mrefu. Akauliza swali ambalo baadaye nilisikia limeulizwa kwa lugha nyingi Houston, Dallas na Austin, maana katika miji yote hiyo watu waliona maajabu hayohayo: "Umeme wetu ndio ule?"

Nataka kulijibu kwa insafu, kwa sababu jibu lake si ndiyo wala siyo. Umeme si maji ya mtungi yawezayo kuwekwa yakangoja mnywaji. Unaofuliwa sasa ndio unaotumiwa sasa, na mizani ya kufua na kutumia husomwa katika mapigo yake, ambayo huko Marekani ni 60 kwa kila sekunde. Matumizi yakizidi ufuaji, mapigo hupungua, na yakipungua mno mitambo hujitenga yenyewe mmoja baada ya mwingine ili isivunjike, kama farasi wanaokata kamba gari linapozama. Usiku ule watu mamilioni walikuwa wamewasha joto kwa pamoja, na wakati huohuo mitambo ilikuwa ikizimika: visima vya gesi viliganda, vipimo viliganda, mapanga ya mitambo ya upepo yaliganda, na kulipopambazuka hata kinu kimoja cha nyuklia karibu na pwani kilijizima kwa kuwa vibomba vyembamba vya kupimia mkazo wa maji viliganda. Saa saba na dakika ishirini wasimamizi wa gridi wakaanza kuamuru watu wakatiwe. Nusu saa baadaye mapigo yakashuka chini ya 59.4, na yalikaa huko dakika 4 na sekunde 23. Lau yangalikaa dakika 9, mitambo mingi ingalijitenga na Texas yote ingaliingia gizani, na kuifufua gridi iliyokufa kabisa ni kazi ya majuma, pengine ya miezi. Zilibaki, basi, dakika 4 na sekunde 37. Hesabu hii huitaja kila nisikiapo mtu akisema kwamba waliokata umeme hawakuwa na huruma. Walikata kwa sababu walikuwa na macho.

Walakini palikuwa na la kuuliza juu ya nani alikatiwa. Sisi Waswahili jambo hili tunaliita mgao, na watu wa Tanzania bara waliopita katika ukame wa 2006 na wa 2011, mabwawa yalipokauka, wanajua vizuri maana yake: leo kwenu, kesho kwetu. Neno lenyewe limebeba sharti lake, kwa kuwa hakuna mgao usiogawa. Texas nao walikusudia mgao, nusu saa huku, nusu saa kule. Lakini kiasi kilichotakiwa kukatwa kilifika megawati 20,000, na laini zenye hospitali, vituo vya maji na zimamoto zilipokwisha kutengwa zisiguswe, hazikubaki laini za kutosha za kupokezana zamu. Aliyekuwa na bahati ya kukaa katika laini moja na hospitali alikaa siku tatu akinywa chai yake. Aliyekuwa ng'ambo ya barabara alikaa siku tatu akitazama pumzi yake. Na majumba yale ya katikati ya mji, mafundi wana hoja yao, kwamba nyaya zake zimefumwa chini ya ardhi pamoja na za huduma za lazima, hazikatiki vipande vipande. Naikubali hoja ya mafundi. Bado swali la Mama halijajibiwa.

Usiku wa pili, tulipokuwa tumejipanga juu ya godoro kama samaki wa kupaka, mtoto katikati, Mama alitusimulia habari ya baba yake, aliyekuwa serahangi katika jahazi lililochukua karafuu na mbata kutoka Pemba kwenda Unguja. Katika mkondo wa Pemba walishikwa na dhoruba, jahazi likaanza kunywa maji, mabaharia wakakumba ngama mpaka mikono ikafa ganzi, na nahodha akatoa amri ya kutosa. Walitosa nini? Si shehena iliyokuwa duni, wala si ya tajiri kwa kuwa ni tajiri, wala si ya maskini kwa kuwa ni maskini. Walitosa iliyokuwa karibu na mkono. Magunia ya karafuu yaliyokuwa juu, ya watu wawili wa Wete, yakaenda majini, na baba yake akasema kwamba harufu ya karafuu zilizolowa iliwafuata juu ya maji usiku kucha hata wengine wakatapika. Jahazi likafika. Na siku ya pili yake, Malindi ya Unguja, kabla ya gunia moja kushushwa, wazee wakakaa kitako na wenye mali wote wakapiga hesabu: kila ambaye shehena yake ilifika akatoa sehemu ya thamani yake kuwalipa wale wawili, na nahodha naye akatoa kwa ajili ya chombo.

"Yule wa mbata hakutaka," Mama akasema. "Alisema, mimi sikutosa cha mtu. Wakamwambia, mbata zako zimekuja kwa karafuu za mwenzio."

Ada hii ni kongwe kuliko sisi. Warumi waliipokea kwa watu wa kisiwa cha Rhodes, ikaandikwa katika majuzuu ya sheria ya Kaisari Justinian katika karne ya sita, na hata leo meli za makontena huilipia hasara ya namna hiyo kwa kanuni zinazoitwa za York na Antwerp. Mafakihi wa Kimaliki wameikubali, wakigawa hasara juu ya mali iliyosalimika. Wa Kishafi wamebana zaidi, hawamlazimishi mtu kulipa illa awepo aliyesema, tosa mali yako nami nitadhamini. Hapo najikuta nikiwaza kinyume cha madhehebu yangu, au tuseme nikiwaelekea zaidi wazee wa Malindi, ambao bila shaka walikuwa Mashafii wote na hesabu wakaifanya hivyo hivyo. Na ipo kanuni ya mafakihi, iliyoingia hata katika sheria za dola ya Kituruki zilizoitwa Majalla, kwamba dharura haibatilishi haki ya mwingine: mwenye njaa ya kufa ana ruhusa kuula mkate wa mtu, na akishashiba ana wajibu wa kuulipa. Ni sala ya Mama kwa sura ya mali.

Msomaji mwenye kusoma atanikumbusha kwamba waliotoswa Texas si karafuu. Kweli. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246 kwa sababu ya dhoruba ile, na takriban thuluthi mbili vilikuwa vya watu waliokufa kwa baridi, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Na wako waliohesabu kwa njia nyingine wakapata zaidi. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha usuli kiitwacho al-Mustasfa, alilichukua suala la watu walio katika chombo kinachozama, ambao wakimtosa mmoja wao wataokoka, na wasipomtosa wataghariki wote. Akakataa, hata kwa kura, kwa sababu watu wa chombo kimoja si umma mzima, na damu ya asiye na kosa haihalaliki kwa hesabu ya wachache na wengi. Nimelirudia suala hilo mara nyingi. Fundi aliyevuta swichi saa saba na dakika ishirini hakumtosa mtu. Alitosa mwanga, akitaraji kuurudisha baada ya nusu saa, naye hakumjua bibi kizee aliyekuwa peke yake upande wa pili wa waya. Sidhani kwamba Ghazali angalimhukumu. Lakini ilipopita saa moja, na nane, na ishirini, na waya uleule ukawa haujawashwa na taa zilezile za minara hazijazimwa, kilichokuwa kikitoswa kilianza kubadilika jinsi, na mimi sijui ni saa ya ngapi mwanga uligeuka kuwa mtu.

Siku ya Jumanne, huku watu wakichoma viti vyao katika meko, meya wa Colorado City, mji mdogo ulio magharibi mwa Texas, aliwaandikia raia wake hadharani kwamba serikali haina deni kwao la umeme wala la maji, kwamba wajitafutie wenyewe, na kwamba wenye nguvu wataishi na wanyonge wataangamia. Alijiuzulu. Wengi walimcheka au kumlaani. Mimi naona alitufanyia hisani bila kujua, kwa kuwa alilisema waziwazi jambo ambalo yule mwenye mbata alilisema kwa adabu.

Wengine walisema lile alilosema Mama saa tisa ya usiku wa kwanza, kwamba ni amri ya Mungu. Sikumjibu, maana mkwe hajibiwi saa tisa ya usiku, na kwa upande mmoja alisema kweli: baridi ilishuka kutoka ncha ya dunia kwa idhini ya aliyeiumba. Lakini sisi tulio katika itikadi ya Ashaari tumefundishwa kwamba tendo huumbwa na Mungu na huchumwa na mja, na katika wiki ile mavuno ya kuchumwa yalikuwa mengi. Mwaka 2011, Februari hiyohiyo, baridi ilizima mitambo ya Texas, na wakaguzi wa serikali ya shirikisho wakaandika nasaha ndefu za kufunika mabomba na kupasha vipimo. Nasaha ikawekwa, fedha hazikutoka. Gridi ya Texas imejitenga na gridi nyingine mbili kubwa za Marekani tangu miaka ya kabla ya vita vya pili, wenyeji wasitake mkono wa Washington, hata siku ya dhiki viungo vya kupitishia msaada kutoka kwa jirani vikawa vyembamba kama uzi. Na mji wa El Paso, ulio katika jimbo hilohilo lakini umefungwa katika gridi ya magharibi, ambao baada ya 2011 ulitumia mali kujikinga, ulipitiwa na wiki ile karibu bila kutikisika. Mungu wa El Paso ndiye Mungu wa Houston. Umar bin al-Khattab aliporudi njiani kwa kuogopa tauni ya Sham, akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Nami nadhani bomba lililofungwa sufu ni kadari kama vile bomba lililopasuka, ila moja ina jasho la mtu ndani yake.

Sasa nije kwenye hesabu ya Malindi, kwa sababu hapo ndipo habari hii inaponikereketa. Wakati umeme ulipokuwa adimu, bei yake katika soko la Texas iliwekwa juu kabisa, dola 9,000 kwa megawati-saa moja, nayo siku ya kawaida ni makumi ya dola tu. Gesi nayo ikapanda kwa kiasi cha kutisha. Waliokuwa na gesi ya kuuza na mitambo iliyosimama walipata faida isiyosemeka. Makampuni ya kusambaza gesi majumbani yakabaki na madeni, na ili wateja wasipigwe na ankara moja ya kuua, bunge la jimbo likapitisha njia ya kukopa: mwaka 2023 zikatolewa hati za dhamana za zaidi ya dola bilioni 3, zilipwe kidogo kidogo na wateja, kila mwezi, kwa miaka mingi. Kwa lugha ya jahazi, wenye karafuu zilizotoswa ndio walioketi Malindi kuwalipa wenye mbata. Sisemi kwamba pana mtu aliyepanga hivyo kwa hila. Mambo haya aghalabu hayapangwi, hujipanga yenyewe palipokosekana wazee wa kukaa kitako kabla ya gunia la kwanza kushushwa. Sheria mpya ya kulazimisha mitambo ikingwe na baridi ilipitishwa mwaka uleule wa 2021, na hilo ni jema; ila hiyo ni sheria ya safari ijayo.

Wako waliolipa bila kuamriwa. Jim McIngvale, muuza fanicha mashuhuri wa Houston, alifungua milango ya maduka yake makubwa, watu wakalala juu ya vitanda na makochi ya kuuzwa, wakapewa na chakula. Makanisa yalifungua kumbi, na misikiti pia. Na katika jengo letu kulikuwa na mama mmoja wa Kimeksiko, anayekaa mrengo wa zamani ambao majiko yake ni ya gesi. Hakuwa na taa wala joto kama sisi, bali moto wa kupikia alikuwa nao. Na Jumanne, karibu na adhuhuri, alianza kuchemsha maji sufuria baada ya sufuria na kuyapandisha ngazi, akigonga mlango kwa mlango, mikono imefungwa mataulo. Alipofika kwetu hakuwa na lugha ya kusema na Mama, wala Mama hakuwa na lugha ya kusema naye. Mama alileta chupa ya chai, mama yule akaijaza mpaka mdomoni, kisha wakashikana mikono kwa kitambo, nadhani zaidi kwa kuotana joto kuliko kwa kusalimiana. Alasiri Mama alimpelekea kwa mkono wangu kifungu cha mdalasini na hiliki, vitu alivyovichukua kutoka nyumbani kwa ajili ya siku ya heshima.

Umeme ulirudi Alhamisi, baada ya sala ya Alfajiri na kabla ya jua. Mashine ikakohoa, ikanguruma. Taa ya ukumbini iliyokuwa imesahauliwa ikawaka. Mtoto akalia kwa sababu kijumba chake kilibomolewa. Maji yalikuwa bado hafifu, na serikali ya mji ilikuwa imekwisha kutangaza yachemshwe kabla ya kunywewa, hata hivyo mchana Mama alipata ndoo ya maji ya uvuguvugu, akatawadha kwa kituo, kiungo baada ya kiungo, kama mtu anayekutana na viungo vyake baada ya safari. Kisha akatandika msala pembeni ya chungu cha ua, ambacho udongo wake alikuwa amekwisha kuurudisha wote kutoka kwenye sinia na kuumwagia maji, akaanza kuhesabu kwa vidole: Jumatatu tano, Jumanne tano, Jumatano tano, na Alfajiri ya leo, kumi na sita.

Nilikuwa nikikunja mablanketi. Alisimama akafikiri, akakunjua vidole viwili.

"Kumi na nne," akasema. "Adhuhuri ya Jumanne nilitawadha kwa maji ya yule mama, na udhu ulinifikisha Alasiri. Hizo mbili zimekwisha."

Akafunga sala.